Mgeni Aliyezeekea Kwetu

Sara alipofariki huko Hebroni akiwa na miaka 127, Ibrahimu aligundua jambo ambalo matajiri wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Alikuwa na kondoo, ng'ombe, ngamia, watumishi na fedha, lakini hakuwa na hata hatua moja ya ardhi ya kumlaza mke wake. Akawaendea wana wa Hethi langoni mwa mji wao, akajitambulisha kuwa yeye ni mkaazi tu asiye wa pale, akaomba auziwe mahali pa kuzikia. Wenyeji wakamwambia achague kaburi lolote, hakuna atakayemnyima. Mzee akashikilia kulipa. Hapo ndipo Efroni, mwenye pango la Makpela, alipoitaja bei kwa namna ya mtu asiyetaka kuitaja: shekeli 400 za fedha, huku akidai kwamba kati yao wawili kiasi hicho si kitu. Ibrahimu akazipima mbele ya mashahidi, na shamba likawa lake pamoja na pango na miti yake yote.

Yeyote aliyewahi kununua kiwanja kwa mzee wa Kihehe au wa Kinyakyusa ataitambua biashara hiyo. "Wewe chukua tu mwanangu, sisi ni ndugu." Bei hufuata baada ya chai.

Sura hiyo ya 23 ya Mwanzo inafahamika vizuri Nyanda za Juu Kusini, kuanzia makanisa ya Kimoraviani ya Rungwe hadi parokia za Kikatoliki za Iringa, na mara nyingi mahubiri yake huishia kwenye upendo wa mume au kwenye ahadi ya nchi. Hesabu iliyomo ndani yake haiguswi. Ibrahimu alitoka Harani akiwa na miaka 75. Sara, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka kumi, alipofariki, mumewe alikuwa na 137. Ni miaka 62 katika nchi ile. Amechimba visima, ameingia vitani, amezaa, amezeeka, na bado siku ya msiba anajiita mgeni. Swali linalotoka hapo ni la dini na la falsafa kwa pamoja, na watu wa Mbeya na Iringa wana sababu ya kuliuliza kuliko wengi. Mtu huacha lini kuwa mgeni? Na akizeeka kabla hajaacha, mwenyeji anadaiwa nini?

Sheria ya Tanzania inalijibu swali la kwanza kwa ukavu: haachi, mpaka awe raia. Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54, iliyotungwa mwaka 1995, inawapanga wageni wakaazi katika madaraja matatu. Daraja A ni la mwenye mtaji au anayejiajiri. Daraja B ni la aliyeajiriwa. Daraja C ni kapu la waliobaki: mwanafunzi, mtafiti, anayejitolea, mmisionari, mstaafu. Wake na watoto wao hawana daraja. Huingia kwa pasi ya mtegemezi, iliyoning'inizwa kwenye kibali cha mwenye familia. Kibali kikifa, pasi nayo imekufa. Vyote vina tarehe ya mwisho, na miaka yake inahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Muda ukikaribia kwisha, mzee aliyekaa Iringa tangu enzi za Mwalimu anaomba upya kana kwamba ndiyo kwanza ameshuka kwenye ndege.

Anayekuja kutembea hupewa siku 90, na huyo hana shida na mtu. Ataona tembo wa Ruaha, atapanda hadi Ziwa Ngozi, ataondoka na kahawa ya Mbozi kwenye begi. Falsafa haimhusu.

Ombi la kibali siku hizi hujazwa mtandaoni. Mzee wa miaka 80 hawezi kazi hiyo peke yake, kwa hiyo huishia kwenye kiti cha plastiki ndani ya steshenari, tuseme moja ya zile za Soweto pale Mbeya, huku kijana akiskani pasipoti ukurasa kwa ukurasa, akipunguza ukubwa wa picha, akingoja mtandao urudi, akiandika namba ya kumbukumbu ya malipo nyuma ya risiti ya mteja mwingine. "Babu, kazi yako tuandike nini?" Babu hana kazi, ndiyo maana ya kustaafu. Bado kuna NIDA, mamlaka ya vitambulisho, maana kitambulisho hutolewa pia kwa wageni wakaazi, na NIDA inataka vidole. Vidole vya wazee, hasa waliofanya kazi za mikono, hulainika hadi mistari ikafutika. Mashine hukataa mara ya kwanza, hukataa na ya pili. Fundi seremala aliyewafundisha vijana wa mkoa mzima kuranda mbao anaweza kushindwa kuthibitisha kwamba vidole ni vyake.

Nchi nyingi zimelijibu swali la mgeni mzee kwa pesa, tena bila haya. Thailand humpokea mstaafu wa kigeni aliyefikisha miaka 50 akiwa na baht 800,000 benki au kipato cha baht 65,000 kwa mwezi. Baada ya hapo huomba nyongeza kila mwaka, na kila baada ya siku 90 huripoti anapoishi. Mwenzi wake huandamana naye kama mtegemezi. Kenya ina kibali cha daraja K kwa aliyevuka miaka 35 mwenye kipato cha uhakika cha dola 24,000 kwa mwaka bila kufanya kazi nchini humo, na Malindi, mji uliozoea wastaafu wa Kiitaliano, inaijua vizuri hesabu hiyo. Zanzibar imefungua mlango wa aina yake kwa anayenunua nyumba ya dola 100,000 au zaidi katika miradi iliyoidhinishwa, yeye na familia yake. Uingereza nayo ilikuwa na njia ya wastaafu waliovuka miaka 60 wenye kipato cha pauni 25,000 kwa mwaka. Iliifunga Novemba 2008, ikaona hata hao hawatoshi.

Efroni angejisikia nyumbani katika nchi zote hizo. Tanzania Bara ingemshangaza, kwa sababu huku shekeli 400 zisingemfikisha Ibrahimu mahali. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hakimpi mtu asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na kaburi si uwekezaji. Sara wa Mbeya angelala kwenye makaburi ya kanisa au ya halmashauri, kwa hisani.

Kabla ya kuilaumu sheria hiyo, ni vizuri kukumbuka imetoka wapi. Mwaka 1795 Immanuel Kant, mzee wa miaka 71 ambaye hakupata kusafiri mbali na mji wake wa Königsberg, alichapisha kijitabu juu ya amani ya kudumu. Alisema kwamba kwa kuwa dunia ni duara, watu hawawezi kutawanyika bila mwisho. Hatimaye watakutana, na lazima wavumiliane. Kwa hiyo kila mtu ana haki ya kufika kwa mwenzake bila kutendewa kama adui. Lakini haki ya kufika, alisema, si haki ya kukaa. Kukaa kunahitaji mapatano maalumu na mwenyeji. Wasomaji wengi hudhani Kant alikuwa anawabania maskini waliokuwa wakibisha hodi Ulaya. Mambo yalikuwa kinyume. Aliwalenga Wazungu waliokwenda Amerika, Afrika na Asia wakijiita wageni, kumbe ni watekaji.

Wahehe hawakuhitaji kufundishwa hilo na mtu wa Königsberg. Agosti 1891 walimuua kamanda wa Kijerumani Emil von Zelewski na sehemu kubwa ya kikosi chake pale Lugalo. Miaka mitano baadaye Tom von Prince aliweka boma mahali ambapo leo ni Iringa mjini, akakaa bila kukaribishwa. Mtwa Mkwawa, mtawala wao, alijiua Julai 1898 kuliko kushikwa, kichwa chake kikakatwa, na fuvu likarudi Kalenga Juni 1954 mikononi mwa Gavana Twining. Watu waliopitia hayo wana haki ya kumuuliza mgeni anakaa mpaka lini, na serikali inayotunza daftari la wageni kwa jina lao haifanyi ukatili. Inafanya kazi yake.

Mafaqihi wa Kiislamu nao walilitazama jambo hili karne nyingi kabla ya Kant. Mgeni asiye Mwislamu aliyeingia nchi ya Kiislamu alipewa amani, yaani ulinzi wa maisha na mali yake. Madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu na wa miji ya bara iliyofunguliwa na misafara ya biashara, yaliiwekea amani hiyo kikomo cha miezi minne. Wahanafi walikwenda mbali zaidi. Akifikisha mwaka mzima, walisema, huyo si mpita njia tena. Ahesabiwe miongoni mwa watu wa nchi walio chini ya ulinzi, na alipe kama wanavyolipa wao. Masharti ya karne zile hayatufai leo, lakini hoja iliyo ndani yake ni nzito kuliko inavyoonekana. Wahanafi waliona kwamba muda wenyewe hufanya kazi. Mtu hawezi kukaa mahali mwaka baada ya mwaka na uhusiano wake na mahali hapo ukabaki ule wa siku ya kwanza. Sheria yetu ya uhamiaji haioni hivyo. Kwake, mwaka wa arobaini ni mwaka wa kwanza uliopigwa muhuri upya.

Halafu kuna jembe. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia methali hiyo mwaka 1962 alipokuwa anaeleza msingi wa ujamaa, kuwaonya waliodhani ujamaa ni kula bila kufanya kazi. Inanukuliwa kumkemea mvivu, lakini ina upande wa pili usiosemwa: anayepewa jembe amepewa pia mahali pa kulimia. Jembe lilikuwa njia ya kuingia. Aliyelima na wenyeji, akavuna nao na kuzika nao, watoto wake hawakuulizwa walitoka wapi. Koo nyingi za Usangu, Uhehe na Unyakyusa zina babu wa namna hiyo, aliyekuja kuwinda au kukimbia ugomvi wa kwao.

Sasa aje mtu ambaye jembe ameshaliweka chini. Hapa ndipo sheria inapochanganya wazee wawili ambao maadili yanawatenganisha. Wa kwanza amefanya kazi maisha yake yote Bristol au Bologna, amechukua pensheni, amesikia kwamba Mbeya kuna baridi ya kupendeza na ndizi za bei nafuu, amekuja kupumzika. Wa pili alifika akiwa na miaka 27 kufundisha, kutibu au kujenga, nguvu zake zimeishia hapa, na amestaafu bila kuhama. Wote wawili ni daraja C. Kwa wa kwanza, kuulizwa ana fedha kiasi gani ni swali la haki kabisa, maana hajawahi kumfanyia mtu wa Uyole chochote na hospitali ya mkoa haikujengwa kwa ajili yake. Kwa wa pili swali hilo linaudhi.

Wanyakyusa walikuwa na utaratibu wao wa kustaafu, ambao Godfrey na Monica Wilson waliuandika baada ya utafiti wao wa miaka ya 1930. Vijana wa rika moja walijenga kijiji chao mbali na baba zao. Baada ya takriban miaka thelathini ilifanyika sherehe iliyoitwa ubusoka. Uongozi wa nchi ulikabidhiwa kwa kizazi cha wana, mipaka ya vijiji ikapangwa upya, na wazee wakasogea pembeni kuwaachia vijana ardhi. Wazee walihama kweli, kwa mizigo. Kustaafu kulikuwa ni kuondoka. Hata hivyo hakuna aliyedhani kwamba mzee aliyesogea pembeni amegeuka mgeni. Aliachia mamlaka na mashamba, akabaki na heshima ya matambiko na haki ya kuzikwa kwao. Kipimo hicho kinafaa kuazimwa. Mzee anaweza kunyimwa ardhi, kura na biashara, na bado asihojiwe kama anaruhusiwa kuwepo.

Historia ya Nyanda za Juu imejaa wazee wa aina ya pili, na wengi hawakuachwa wazeeke. Wamoraviani wanne wa kwanza walifika Unyakyusa mwaka 1891. Mmoja wao, Georg Martin, alikufa kabla mwaka haujaisha, na wenzake wakaanzisha Rungwe. Mwaka 1899 Traugott Bachmann alikwenda Mbozi kwa Wanyiha, akakaa nao hadi akaanza kuona kwamba mila alizotumwa kuzifuta zina hekima yake. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika huku mwaka 1916, Waingereza waliwakamata wamisionari wa Kijerumani wakawaondoa. Kanisa lililokuwa na robo karne likabaki na wazee wake wa Kinyakyusa. Mwaka 1939 mchezo ukarudiwa kwa wamisionari na kwa walowezi wa Kijerumani wa Mufindi na Iringa. Kwa wamisionari, miaka ya jembe haikuhesabiwa. Walihesabiwa kwa pasipoti. Ni kweli miongoni mwa walowezi walikuwamo wafuasi wa Hitler, na hao hawamlizi mtu, lakini daftari halikuwa na safu ya kuwatenga na mwalimu wa katekisimu.

Tosamaganga ilikwenda njia nyingine. Wabenediktini wa Ujerumani walioianzisha waliondoka na vita, na mwaka 1919 wakaja Wakonsolata kutoka Torino. Waitaliano hao walijenga makanisa, shule, karakana na hospitali, na wengi walibaki hadi wakafa, wakazikwa huko huko kilimani, makaburi yao yakitunzwa na watu ambao babu zao walibatizwa nao.

Kulikuwa pia na wageni ambao hawakuomba kuja. Mwaka 1942 Wapolandi waliofukuzwa makwao na majeshi ya Kisovieti, wakapitia Siberia na Uajemi, waliletwa Tanganyika, wengi wakiwa wanawake, watoto na wazee. Kambi kubwa ilikuwa Tengeru, lakini Nyanda za Juu walipokelewa Ifunda na Kidugala. Vita ilipokwisha walitakiwa kwenda kwingine, na wengi wakaishia Uingereza, Kanada na Australia. Waliobaki Ifunda na Kidugala hadi leo ni wale waliotangulia kufa. Kwa serikali ya kikoloni, huo ndio ulikuwa ukaazi pekee wa kudumu.

Atakayesema kwamba mlango wa uraia upo atakuwa anasema kweli. Lady Marion Chesham, mzaliwa wa Marekani aliyekuwa mkulima wa Nyanda za Juu Kusini, aliungwa mkono na TANU akaingia Baraza la Kutunga Sheria katika uchaguzi wa 1958 na 1959, na baada ya uhuru alichukua uraia wa Tanganyika. Barbro Johansson, mmisionari wa Kiswidi aliyefika Bukoba 1946, alifanya hivyo 1962, naye alipata kuwa mbunge. Wala Tanzania si nchi bahili. Mwaka 2014 ilikamilisha kuwapa uraia wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 zaidi ya 160,000, tendo ambalo mataifa mengi tajiri hayajathubutu kulifikiria. Sheria ya Uraia ya 1995 inamtaka mwombaji awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na jumla ya miaka saba katika miaka kumi iliyotangulia, ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na mwenendo mwema. Padre mzee hashindwi hayo. Anachoshindwa ni sharti la kuukana uraia wa kwao, maana huko ndiko kuna matibabu ya moyo, dada wa miaka 90 na kaburi la mama. Kumwambia mzee achague kati ya makaburi mawili ni kumwomba jambo ambalo hata Mungu hakumwomba Ibrahimu.

Familia ndiyo inayoumbua udhaifu wa mpango wote. Pasi ya mtegemezi inadhani kwamba katika kila nyumba kuna mmoja anayebeba na wengine wanaobebwa, na kwamba anayebeba hafi kwanza. Mume akifariki, mke wa miaka 76 aliyekuwa ameandikwa chini ya jina lake hubaki na karatasi iliyomtegemea marehemu. Matanga hayajaisha, tayari anatakiwa kutafuta daraja lake mwenyewe. Biblia inamfahamu mwanamke huyu. Ruthu, Mmoabu, alikuwa na uhusiano na watu wa Bethlehemu kupitia mume tu, na mume amekufa. Kwa sheria kamba imekatika. Akang'ang'ana na mama mkwe wake. Kilichomwokoa ni amri ya Torati ya kuwaachia masazo ya mavuno watu watatu wanaotajwa pamoja mara nyingi: mgeni, yatima na mjane. Mjane wa kigeni ana sifa mbili kati ya tatu, na kama aliyeandika amri ile alimwona, mwandishi wa kanuni za pasi alipaswa kumwona pia.

Kuna pia upendeleo wa kijinsia ambao umekaa muda mrefu mno. Sheria ya Uraia inampa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania nafasi ya kuomba uraia kwa ndoa. Mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mtanzania hana nafasi hiyo. Binti wa Tukuyu aliyeolewa na Mmalawi au Mskoti akamleta nyumbani wazeeke pamoja atamwona mumewe akihuisha vibali, ilhali kaka yake aliyeoa nje hajui hata ofisi ya Uhamiaji iko wapi.

Nyanda za Juu zinalijua jambo hili kutoka upande wa pili pia. Wanyakyusa walikwenda kwenye machimbo ya Afrika Kusini kwa wakala wa Wenela, shirika lililoajiri vibarua wa migodi, na wengine wakahamia Copperbelt, Kitwe na Mufulira, wakazeekea huko. Wahindi wa Iringa walianza kutawanyika baada ya Sheria ya Kutwaa Majengo ya 1971, na wengi wamezikwa Toronto na Vancouver. Leo nesi wa Makambako anayefanya kazi Leicester hawezi kumleta mama yake kirahisi. Tangu Julai 2012 Uingereza inataka ithibitike kwamba mzazi anahitaji uangalizi wa muda mrefu ambao haupatikani kwao hata kwa kulipia, na mwanasheria wa serikali atauliza kwa nini nesi huyo asitume pauni chache za kumlipa dada wa kazi. Kanada ina viza ya wazazi na mabibi na mababu inayoruhusu kukaa hadi miaka mitano kwa kuingia mara moja, kwa masharti ya bima ya afya ya angalau dola 100,000 za Kanada. Anayeona uchungu wa mama wa Makambako hana budi kuuona na wa sista wa Tosamaganga. Hawezi kudai ukarimu Leicester na kuubana Iringa.

Kuna watakaosema kwamba mlango ukilegezwa watapita wajanja, na wana mfano mkononi: mstaafu mwenye kibali cha daraja C ambaye kumbe ana nyumba ya wageni kwa jina la kijana wake wa bustani. Ni kweli wapo. Dawa yake ni kukagua nyumba za wageni, kazi ambayo Uhamiaji na TRA wanaijua. Kumtaka bibi wa miaka 85 ahuishe kibali kila mara hakujawahi kumkamata mjanja hata mmoja.

Lililo gumu zaidi ni hoja ya haki. Mwalimu mstaafu wa Kitanzania wa Mafinga, aliyefundisha miaka 35, anahangaika na kiinua mgongo na foleni ya bima. Kwa nini mgeni apewe upendeleo? Hoja hiyo ina nguvu dhidi ya mzee wa kwanza, yule wa Bristol, na ndiyo sababu serikali iendelee kumpima kwa pensheni yake na bima yake. Dhidi ya mzee wa pili haina nguvu, kwa kuwa anachoomba hakipunguzi chochote kwenye sahani ya mwalimu wa Mafinga. Haombi ardhi, haombi posho. Anaomba asiulizwe tena.

Mwanzoni mwa 2025 Bunge lilirekebisha Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi ili kuwapa hadhi maalumu watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nchi nyingine. Daktari mzaliwa wa Kyela aliye raia wa Marekani sasa ana njia ya kurudi kuzeekea kwao bila kuhesabiwa kama mtalii. Ni hatua njema, na imechelewa. Lakini imekiri jambo kubwa: kwamba kati ya raia na mgeni kuna watu wa tatu, na nchi inaweza kuwatengenezea nafasi bila kubomoka. Bunge limeitambua damu. Jembe bado.

Kinachotakiwa ni kifungu kifupi. Mgeni aliyeishi nchini kihalali miaka ishirini na kufikisha umri wa kustaafu, pamoja na mwenzi wake hata akibaki peke yake, apewe ukaazi usio na tarehe ya mwisho, bila kura, bila biashara na bila umiliki wa ardhi, na uweze kufutwa kwa kosa la jinai tu. Watakaonufaika ni wachache na wanazidi kupungua kila mwaka. Wabunge wa Iringa na Mbeya, ambao wengi wao walisoma kwenye shule na kutibiwa kwenye hospitali zilizojengwa na wazee hao, ndio wanaopaswa kuipeleka hoja hiyo Dodoma.